Mahari ya Dale Ketcher

Verna Ketcher alikuwa akisafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo Jeannine alimpigia simu Jumanne. Alisubiri hadi saa tisa alasiri. Huko Oklahoma ilikuwa saa tatu asubuhi, na bibi yule angekuwa ameshakunywa kahawa yake. Tena binti yake Leota alikuwa bado shuleni. Maneno aliyotaka kuyasema Jeannine hayakuwa ya kusikiwa na mtoto wa miaka tisa.

"Daktari amesema nini?" Verna aliuliza. Walizungumza kwa Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake, na mara nyingi iliwabidi warudie.

"Amesema ni saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Amesema tusihesabu miezi, tuhesabu wiki."

Kwenye kioo cha simu Verna alivua miwani, akaiweka pembeni. Bila miwani alifanana sana na marehemu Dale, mume wa Jeannine, maana kaka yake ndiye aliyekuwa baba wa Dale, na Jeannine akaangalia pembeni kidogo, kwenye dirisha ambalo lilionyesha magorofa mengine ya Shard End, Birmingham, na nguo zilizoanikwa na kusahauliwa kwenye mvua.

"Shangazi, nakuomba umchukue Leota."

Verna alisema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Binti yangu, ningekuwa na miaka hamsini ningekuja kumchukua kwa miguu. Nina miaka sabini na moja. Naishi chumba kimoja kwenye nyumba ya wazee, na siku tatu kwa wiki nafungwa kwenye kiti na mirija mkononi. Hawawezi kunipa mtoto. Hata paka walinikatalia."

"Hakuna mtu mwingine?"

"Dale alikuwa peke yake kwa kaka yangu. Unajua hilo." Akavuta pumzi. "Lakini mbona unaniomba mimi kabla ya kaka yako? Dale hakukueleza? Kwetu sisi Wacheroki mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ndivyo walivyoishi wazee wetu tangu kabla hawajafukuzwa kwenye milima yao. Baba anampenda mtoto, anamfundisha kuvua samaki, lakini mwenye kazi ya kumlea na kumsimamia ni kaka wa mama. Leota ana kadi ya taifa letu kwa sababu jina la babu wa babu yake limo kwenye daftari la zamani la majina ya watu wetu. Kadi hiyo ni yake mpaka kufa. Ukoo ndio hatukuweza kumpa. Ungetoka kwako."

Jeannine alishika yale maneno, kaka wa mama, kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Siku nne zilizofuata aliamka nayo na kulala nayo. Kaka yake Évariste angekataaje jambo ambalo hata watu wa ng'ambo ya bahari, wasiomjua, wamemwekea mikononi?

*

Kanisa lao lilikuwa Hockley, ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya kung'arisha vyuma. Jumapili baada ya ibada wakakaa kwenye chumba cha nyuma: Évariste, shemasi, katika suti yake ya kijivu, mkewe Rosine, mchungaji Félicien, na mzee Makungu, ambaye ndiye aliyebaki Birmingham nzima mwenye kuaminiwa kwa mambo ya desturi za watu wa Fizi, kule Kongo. Leota alipewa simu acheze nayo huko ukumbini.

Rosine aligawa maji. Wote walipata glasi za kanisa. Jeannine alipewa kikombe cha plastiki, kile cha kutupa, na Rosine hakumwangalia machoni alipokuwa akimpa.

"Saratani haiambukizi, wifi," Jeannine alisema kwa sauti ndogo.

"Najua, mama Leota. Glasi zimeisha tu."

Kwenye meza zilikuwa zimebaki glasi tatu.

Jeannine alieleza yote aliyoambiwa na Verna. Alikuwa ameyajifunza kwa moyo, maana shule yake iliishia darasa la nne, na mbele ya wanaume wanaovaa suti maneno humkimbia. Alipomaliza mzee Makungu akacheka kidogo, bila ubaya.

"Ajabu hii, bana. Kwao mtoto ni wa mama, kwetu mtoto ni wa baba. Hawa wawili wangeulizana mapema, mbele ya kukata keki ya harusi."

"Si jambo la kucheka, muzee," mchungaji alisema.

"Sicheki. Nalia kwa meno."

Évariste alikuwa akiangalia mikono yake. "Dada yangu," alisema, "ingekuwa ni mimi tu, mutoto angelala kwangu leo. Mungu anaona. Lakini hayo aliyosema yule mama ni ya kwao. Sisi tuko na yetu. Dale alilipa mahari. Alilipa ng'ombe wote saba, hakubakisha hata mguu. Wazungu wanaooa kwetu hulipa nusu halafu wanapotea. Dale alilipa yote."

"Hakuwa Mzungu," Jeannine alisema.

"Ninajua hakuwa Mzungu. Ninasema alilipa. Baba yetu alipokea kule nyumbani Baraka, watu wakashuhudia. Mutoto ni wa ukoo wa Ketcher. Mimi nikimchukua, ni kama ninaiba mutoto wa wenyewe. Nitawaambia nini batu?"

Jeannine alikumbuka jinsi Dale alivyokuwa akifanya kazi Jumamosi na Jumapili kwenye meza yake ya sonara ili amalize mahari ile. Alikuwa akisema kwamba jambo la watu lifanywe lote au lisifanywe. Sasa uaminifu ule ndio uliokuwa ukimfungia binti yake mlango.

"Na kama mahari ingerudi?" aliuliza.

Chini, mtu aliwasha mashine ya kung'arishia, Jumapili ile ile, ikavuma kisha ikazimwa.

Mzee Makungu alijikuna kidevu. "Mahari inarudi watu wanapoachana. Mume amekufa. Mwanamke hamwachi maiti."

"Lakini kama ingerudi?"

"Hata ng'ombe mmoja akirudi, na watu wa mume wakampokea kwa mdomo wao wenyewe, mbele ya mashahidi," mzee alisema taratibu, "basi ndoa imefunguka. Mutoto anarudi kwa baba wa mama. Baba yenu hayuko tena. Kwa hiyo anarudi kwa Évariste."

Jeannine alimwangalia kaka yake. Évariste aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali jambo lililo mbali sana. "Desturi ni desturi," alisema.

*

Alichokiacha Dale kilikuwa ni meza ya kazi na vyombo vyake: koleo ndogo, nyundo za kichwa cha pembe, misumeno myembamba kama nywele, na mtambo mdogo wa kusawazishia vipande vya madini ya fedha. Dharmesh, sonara ambaye Dale alikuwa akipanga naye chumba kimoja cha kazi, alivigeuza kimoja kimoja.

"Dale alikuwa mtu safi," alisema. "Lakini hivi ni vya zamani, Jeannine. Sasa watu wanatumia leza."

"Ulimwambia mwenyewe kwamba mtambo ule hakuna tena unaofanana nao."

Dharmesh akaona haya. Alikuwa mtu mwema, ila kodi ya Hockley ilikuwa imepanda. "Mia tano na hamsini," alisema. "Sina zaidi ya hapo."

Bei ya ng'ombe mmoja, kwa hesabu ya mzee Makungu, ilikuwa pauni mia tano. Jeannine alipokea. Alitaka kuomba angalau nyundo moja ibaki kwa ajili ya Leota, lakini hakujua jinsi ya kuliomba jambo hilo baada ya bei kukatwa, akaondoka bila kuomba. Kwenye basi la kurudi mwanamke mmoja alimpisha kiti bila kuombwa, na ndipo alipojua kwamba sasa ugonjwa unaonekana usoni.

*

Wiki iliyofuata hakuweza tena kupanda ngazi za kanisa. Wakaja wao wote wanne kwake Shard End, Jumamosi, wakakaa sebuleni. Nesi alikuwa ameleta kitanda cha hospitali na kukiweka pale pale, kwa hiyo Jeannine alikuwa juu kidogo kuliko wageni wake, na hilo nalo lilimtia aibu. Simu iliwekwa juu ya stuli. Verna alikuwa ndani ya simu, amevaa blauzi iliyopigwa pasi. Mchungaji Félicien alitafsiri.

"Sielewi vizuri," Verna alisema. "Ametuma pesa. Nimezipata jana. Ni za nini?"

"Ni ng'ombe," mchungaji alisema. "Ni sehemu ya mahari aliyoitoa Dale. Jeannine anairudisha kwenu."

Verna alisogeza uso karibu na simu. Halafu akasema, "Jeannine. Unamrudisha Dale?"

"Hapana, shangazi. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Kwetu zamani mwanamke akimchoka mume aliweka vitu vyake nje ya mlango. Mume akivikuta nje anajua yamekwisha. Ndicho unachokifanya? Unaweka vitu vya Dale nje?"

Jeannine hakuwa na nguvu ya kukaa wima. Alizungumza akiwa ameegemea mto. "Ninaviweka nje mbele ya watu tu. Moyoni viko ndani. Wakisikia umepokea, Leota atapata nyumba. Nakuomba upokee."

"Aliniandikia barua siku alipomaliza kulipa," Verna alisema. "Ukurasa mzima. Alijisifu kama mvulana aliyeua kulungu wa kwanza." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye plasta. "Kama kupokea kunampa mtoto nyumba, nimepokea. Waambie nimepokea. Wala sitaki pesa zenyewe, nitamwekea yeye."

"Amepokea," mchungaji akasema.

Mzee Makungu aliinamisha kichwa. "Bado neno moja. Mwanamke aseme mwenyewe."

"Lazima?" mchungaji aliuliza.

"Bila neno ni pesa tu, zimetumwa kama watu wanavyotuma."

Jeannine alilamba midomo. Ilikuwa imekauka, na hakuna aliyefikiria kumpa maji. "Mimi Jeannine," alisema, "binti wa Lusambya, siyo mke wa Dale Ketcher. Mahari yake imerudi. Hanidai, simdai."

Aliposema hivyo alimwona Leota. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na soksi zake, mkono mmoja kwenye kitasa. Leota hakupenda kusema Kiswahili, kila siku alijibu kwa Kiingereza, lakini hakuna neno la Kiswahili lililompita.

"Imekwisha," mzee Makungu alisema, akapiga paja lake. "Évariste, mutoto ni wako."

Évariste alisimama, akamwendea dada yake, akambusu kwenye paji la uso. Midomo yake ilikuwa baridi. Rosine alikuwa ameshavaa koti.

*

Sejal, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alikwenda nyumbani kwa Évariste Jumatatu kupima vyumba na kuuliza maswali yake. Jumatano alimpigia Jeannine. Alikuwa msichana mpole, na upole wake uliongezeka kila alipokuwa na habari mbaya.

"Kaka yako na mkewe wamejiondoa," alisema. "Nilikuwa nimeona njia ya kuwasaidia hata kwa habari ya vyumba. Wamesema hawataki kuendelea. Pole sana, Jeannine."

Jioni Évariste akaja peke yake, akiwa bado na fulana ya njano ya kazini, ya ghala. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Rosine hataki," alisema kabla hajaulizwa. "Amesema akija mutoto wa tano, yeye anarudi kwa mama yake Sheffield. Na mimi, dada... mimi pia nimechoka. Ninafanya kazi usiku na mchana. Arsène wangu anapigana shuleni. Siwezi."

"Tangu lini ulijua kwamba huwezi?"

Alikung'uta vumbi kwenye fulana yake.

"Yaya, kaka yangu. Tangu lini?"

"Tangu uliposema unaumwa."

Jeannine alicheka, na kicheko kikamchoma tumboni mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Basi ungesema. Ungesema, Jeannine, siwezi, Rosine hataki. Neno dogo hilo. Mbona uliniacha niende kuuza nyundo za mume wangu? Mbona uliniacha niseme yale maneno?"

"Sikufikiri ungeweza kuirudisha. Nani anarudisha mahari ya mtu aliyekufa?" Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Nilitaka uende ukijua ni desturi. Siyo mimi. Nilitaka uende bila kunichukia, dada."

Jeannine alimwangalia mtu huyu aliyembeba mgongoni kuvuka mto walipokuwa wakikimbia vita, yeye akiwa na miaka sita na Évariste kumi na mbili. Alitafuta chuki, ingemsaidia kidogo, akaona kwamba hata hiyo inahitaji nguvu.

"Nenda," alisema. "Utachelewa zamu."

"Nitakuja Jumapili. Nitamleta mchungaji akuombee."

"Njoo tu."

Alipofika mlangoni alirudi, akatoa noti ya ishirini mfukoni, akaiweka chini ya sahani ya dawa. Jeannine alifumba macho ili asilazimike kusema asante.

Leota alitoka chumbani baada ya mlango kufungwa. Aliuliza kwa Kiingereza, akiwa amesimama mbali. "Kwa hiyo baba alikuwa mume wako, au hakuwa?"

"Alikuwa."

"Ulisema hakuwa. Ulimwambia Bibi Verna na watu wote."

"Nilisema kwa ajili ya mjomba wako. Ili akuchukue."

"Lakini hanichukui."

"Hapana."

Mtoto alitafakari jambo hilo. Hakulia. Alirudi chumbani, na Jeannine akasikia droo zikifunguliwa na kufungwa, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu.

*

Ijumaa Sejal alimleta Jatinder, mama wa makamo kutoka Kings Heath aliyekuwa akilea nyumbani kwake, kwa miaka kumi na minne, watoto wasio na wa kuwalea wanaoletwa na halmashauri ya jiji. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliketi karibu na kitanda, akatoa daftari na kalamu, akauliza mambo kwa utaratibu: analala saa ngapi, anaogopa nini, ana mzio gani.

"Na habari za asili yake," Sejal aliongeza. "Kuna ukurasa wake. Ni muhimu ijulikane anatoka kwa watu gani."

Jeannine alijivuta juu kwenye mito. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo zaidi ya mengine yote. "Baba yake ni Mcheroki," alianza. "Kwao wanawake hufunga magamba madogo ya kobe yaliyojazwa changarawe miguuni, wakicheza usiku kuzunguka moto. Wanaume wanaimba, lakini bila miguu ya wanawake wimbo hausimami. Dale alisema hivyo. Wanapika mkate wa mahindi na maharage, wanaufunga kwenye maganda ya mahindi. Mimi nilimpikia, nilikosea mara nyingi. Na kwetu sisi, Fizi..."

"Polepole kidogo," Jatinder alisema, akiandika. "Changarawe, umesema?"

"Usiandike hayo," Leota alisema.

Alikuwa amekaa kwenye zulia, magoti pamoja, nywele zimechanwa na kubanwa vizuri mno, amezibana mwenyewe. Alizungumza na Jatinder peke yake.

"Siyo mambo yangu hayo. Wa baba wanasema mimi ni wa mama, na wa mama wanasema ni wa baba. Siyo lazima unipikie mkate huo. Nakula chochote. Nakula kidogo. Shuleni huwa nakula kidogo sana, unaweza kuwauliza. Sikojoi kitandani. Naweza kulala kwenye sofa au chini, siogopi giza. Najua kufua nguo zangu mwenyewe, najua mashine inavyowashwa."

"Leota," Jeannine alisema.

"Sipigi kelele. Nikiwa na huzuni nakaa kimya tu, hutajua."

Jatinder alikuwa ameacha kuandika. Sejal alikuwa akiangalia zulia. Leota akawatazama wote wawili, kuona kama yametosha, akaona hawasemi kitu, basi akasimama. Alikusanya vikombe vya chai kutoka mezani, hata cha Jatinder ambacho kilikuwa bado kimejaa chai ya moto, akavibeba kwa uangalifu mpaka jikoni. Wakasikia bomba likifunguliwa.

Jeannine alitaka kumwita amwambie aviache, wageni hawajamaliza kunywa. Alifungua mdomo. Halafu akamwona Jatinder amegeuza uso kuelekea jikoni, anasikiliza jinsi mtoto anavyosuuza, na akanyamaza, akamwacha aoshe.